Kipande Ambacho Hatukukizika

Mama,

Kuna kipande chako hatukukizika. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, na wewe mtu wa namna hiyo ulikuwa ukimwambia aende kwanza akanywe maji ndipo arudi aseme. Kipo hospitalini, kwenye kabati la chuma, kimezamishwa ndani ya nta. Kimekuwa humo muda wote tuliokuwa tukikusomea hitima tukiamini umelala wote mahali pamoja.

Najua unavyokunja uso hapo. Kipande gani tena, wakati kila kitu tulizika? Ndivyo na mimi nilivyouliza, tena kwa sauti kubwa, mpaka watu wakageuka kunitazama.

Nilikuwa Kurasini, kazini. Nimesimama dirishani nasubiri muhuri wa kutolea kontena la mteja mmoja msumbufu, jua linanichoma kisogoni, simu ikaita. Sauti ya msichana, Kiswahili cha bara, ananiuliza kama mimi ndiye Saumu binti wa marehemu Bi Mwanahawa. Nikajua ni tapeli. Siku hizi matapeli wanakuja na jina la marehemu wako kabisa, Mama, wakilia kukushinda wewe mfiwa. Nikamwambia atafute mjinga mwingine, nikakata. Akapiga tena. Akasema anaitwa Dokta Neema, anasomea uchunguzi wa magonjwa kwa kuangalia vinyama vya wagonjwa, na yuko kwenye hospitali ileile uliyopasuliwa. Anakusanya vipande vya watu waliowahi kupata uvimbe wa tezi za mate. Amekuta na chako. Anaomba ruhusa ya familia akitumie.

Nikamwambia sisi tulikabidhiwa nyama yetu ndani ya chupa, tukaizika kwa heshima zote, hata leo naweza kumwonyesha ilipo. Kisha akanieleza taratibu kwamba tulichopewa ni kilichobaki. Kabla ya hapo watu wa maabara walishakata vipande vidogo wakavichovya kwenye nta, ili viwe vigumu na viweze kuchanwa vyembamba sana, maana bila hivyo wasingejua ni ugonjwa gani. Kipande cha namna hiyo hutunzwa miaka na miaka. Kila mgonjwa hufanyiwa hivyo.

"Dada, mlielezwa?" akaniuliza.

Hatukuelezwa, Mama. Au tulielezwa na hatukusikia. Siku zile nani alikuwa anasikia kitu?

Unayakumbuka mazishi yale ya shavu lako? Mimi nikiyakumbuka peke yangu nacheka, halafu nashtuka nimecheka nini. Mjomba Omari alikwenda kusimama mlangoni kwa daktari aliyekupasua akasema haondoki bila nyama ya dada yake, kwa sababu kiungo cha Muislamu hakitupwi kwenye ndoo. Umbo lile la mtu aliyebeba magunia bandarini ujana wake wote, nani angembishia. Wakampa, ndani ya chupa ya plastiki yenye dawa kali. Alipofika nyumbani akaifungua aioshe, ile dawa ikampanda machoni, machozi yakamshuka mpaka ndevuni. Majirani waliokuja kukujulia hali wakamwona analia, nao wakaangua kilio wakidhani umeondoka. Wewe umekaa kitandani na bandeji yako kichwani, unauliza: nani kafa jamani?

Mjomba akasema anakwenda kuzika na wanawake wabaki. Ukamwambia yule si maiti, ni shavu lako, na shavu lako huwezi kulizika kwa kutuma watu. Tukaenda Chamazi watatu. Akachimba shimo dogo ubavuni mwa kaburi la bibi, akakiweka kile kifurushi cha bafta, akafukia, akaomba dua. Wewe ulisimama umeshika mkono wangu. Upande mmoja wa uso wako ulikuwa umeshaanza kulegea, maneno yanatoka kwa shida. Ukakitazama kile kichuguu cha mchanga ukasema: "Haya, tangulia. Mie nakuja."

Tukacheka wote. Mjomba alikukemea huku anacheka.

Sasa unaelewa kwa nini simu ile ilinivuruga. Wewe uliamini sehemu yako imetangulia, inakusubiri. Mwaka jana baada ya Idi tulipokuzika tuliamini umekutana nayo. Kumbe kuna kidogo kimebaki huku juu, kwenye droo, pamoja na vya watu wengine tusiowajua. Usiku ule wa simu nililala nimewasha taa. Nikajiambia mimi si mtoto, haya ni mambo ya kisayansi, nikajiambia na kujiambia, na taa sikuizima.

Nilikwenda kumwona huyo daktari, maana wewe unanijua, mzigo uliokwama mimi lazima niufuate mwenyewe ulipo. Nilimtarajia mtu mkavu. Nikakutana na binti mwembamba, mtu wa Mbeya, anaomba radhi kila baada ya sentensi. Tulikaa kwenye benchi la nje, akanieleza.

Anasema ndani ya uvimbe seli zote si sawa. Nyingi huzaliana, huchoka, hufa, na hizo ndizo dawa na mionzi huziua kirahisi. Ila kuna chache wanazohisi ni tofauti. Hizo hutulia. Mionzi ikipita zenyewe zimejikausha tu, kama hazipo. Baadaye, mwaka au miaka, zinaanza upya na kuzaa uvimbe mwingine mzima. Wanaziita seli shina, kwa kuwa mengine yote huchipuka kutoka kwake. Kwa macho hazitofautiani na nyingine. Ila juu yake zina alama fulani, na kuna dawa ambayo ukiiweka kwenye ule ukanda mwembamba wa nyama inaishika alama hiyo peke yake na kugeuka rangi ya kahawia. Yeye anataka kupaka dawa hiyo kwenye vipande vya watu ambao uvimbe wao ulirudi na vya ambao haukurudi, aone kama kahawia inatofautiana. Kama inatofautiana, basi siku moja daktari ataweza kumtazama mgonjwa baada ya upasuaji akajua huyu asiachwe, huyu aangaliwe kwa karibu.

Nikamwuliza: kwa hiyo wa mama yangu ulirudi kwa sababu ya hizo? Akasema hajui. Akasema hata wakubwa wake hawakubaliani, na alama hizohizo huonekana pia kwenye tezi ya mtu mzima asiye na ugonjwa, kwa hiyo kahawia peke yake haisemi kila kitu. Nilikasirika, Mama. Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Kisha nikafikiri kwamba katika madaktari wote tuliozungushana nao, huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui bila kutazama saa.

Hapo ndipo lilipokuja lile swali lako. Ulipoambiwa uvimbe umerudi palepale chini ya sikio, hukulia. Ulimtazama daktari ukamwuliza: "Ulisema umeitoa yote. Hiyo iliyobaki ilijificha wapi?" Akaanza kukuambia habari za matibabu yatakayofuata. Ukamkatiza ukamwuliza tena. Uliposhuka mapafuni ukamwuliza na yule wa mapafu. Muuguzi anayekuchoma sindano, ukamwuliza. Hata yule kijana wa kusukuma kitanda ulimwuliza, akacheka, ukamwambia mie sichekeshi mwanangu. Ulikuwa mtu wa jikoni, unajua sufuria iliyosuguliwa na isiyosuguliwa, na mtu alikuambia sufuria imetakata. Ulitaka tu akuonyeshe kona aliyoiruka. Ulikufa unauliza, na hakuna aliyekujibu.

Na huyu binti wa Mbeya anauliza hilohilo. Ndicho kilichoniweka pabaya.

Kwa sababu kuna jambo lingine. Kipande chenyewe ni kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, na kilishakatwa mara nyingi wakati wa kutafuta ugonjwa. Akikikata tena kwa kazi yake huenda kikaisha. Nikamwuliza, na kama hatutaki? Akasema basi hatakigusa, na tukikitaka tukizike tuandike maombi, atatusaidia mwenyewe kuyafuatilia. Akaniomba nimjibu kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akaomba radhi tena.

Nikaenda moja kwa moja Mbagala kwa Mjomba. Ningeweza kunyamaza, nikaweka sahihi, kaka yako asijue mpaka kesho kiama. Lakini ni yeye aliyesimama mlangoni kwa daktari siku ile, mimi ningeanzaje. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini nikamweleza. Aliendelea kuchambua, kisha nikaona hachambui tena, anasogeza tu mchele ungo mzima.

Alichosema baadaye ni kifupi. Kwamba alikupa ahadi. Kwamba ulimwambia usiku ule kabla ya kupasuliwa kuwa hukuogopa kufa, uliogopa kutawanywa. Mimi hilo sikulijua, Mama. Hukuniambia mimi. Mjomba akasema Ijumaa atavaa kanzu yake, atakwenda kukichukua kipande cha dada yake, na huyo binti akauliza maswali yake kwa watu wengine.

Alikwenda hata kwa imamu, akitumaini atapata neno la kunifunga mdomo. Imamu akamwambia jambo hilo wanazuoni wamelijadili, kwamba penye manufaa kwa watu na heshima ya marehemu ikilindwa upo mlango, ila uamuzi ni wa nyie wenye maiti. Mjomba alirudi amekasirika kuliko alivyokwenda. Alitaka kuambiwa haramu au halali, kama mimi nilivyotaka kuambiwa ndiyo au hapana. Tumefanana, mimi na kaka yako, sijui kwa nini nilikuwa sijaliona.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilikosea jina la mteja kwenye karatasi, mzigo ukarudishwa. Kila asubuhi mbele ya kioo nilijikuta napapasa chini ya sikio, upande uleule wako, kisha upande wa pili nilinganishe. Nilimwuliza Neema kama ugonjwa huu unarithiwa. Akasema kwa kawaida haurithiwi. Kwa kawaida. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Nakuambia ukweli wote, maana wewe huwezi tena kunitazama kwa lile jicho: niliogopa kwamba nalitaka jibu kwa ajili ya shingo yangu, na swali lako nalitumia kama kisingizio. Niliogopa nakutawanya ili mimi nilale. Nilikaa na hilo sikumwambia mtu.

Jumapili Mjomba akaita kikao, mimi na yeye, na shangazi kwa simu kutoka Lindi ambaye mtandao ulimkata kila akitaka kusema la maana. Mjomba akatangaza msimamo wake. Mimi nikasema wangu, nikakasirika, sauti ikapanda. Nikamwambia wewe dada yako alikuwa na swali, mimi niliyemsikia usiku na mchana akiuliza ndiye ninayekuambia. Naye akasema wewe mama yako alikuwa na hofu, mimi niliyeambiwa ndiye ninayekuambia. Tukawa tumefika hapo, kila mtu ana wewe wake, na hakuna anayedanganya.

Ndipo akaingia mtani wako, Mzee Masanja. Nani kamwita, sijui. Alikuja na gunia la mkaa begani kama alivyokuwa akikuletea zamani wakati wa shughuli zako, akaliangusha mlangoni, akasema amesikia kuna maiti anagombewa na yeye kama mtani hajaarifiwa. Mjomba akamwambia haya si mambo ya utani. Masanja akakaa bila kukaribishwa.

"Nyie Wazaramo," akasema, "kila kitu kwa awamu. Hata kufa mnakufa kwa awamu? Kama kipande kimewashinda nipeni mie, nikakifukie kwetu Shinyanga na watumwa wetu wengine."

Mimi nilijua Mjomba atamtoa nje. Hakumtoa. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka tangu tukuzike. Masanja akaona amepata mwanya, akaendelea, lakini sauti ikawa imebadilika, imeshuka. Akasema wewe maisha yako yote ulikuwa huwezi kupita jiko la mtu bila kufunua sufuria na kumwuliza kwa nini kaweka hiki, kwa nini hakuweka kile. Sasa, akasema, kabaki hospitalini anawafunulia madaktari sufuria zao, na nyie mnataka kumtoa kabla hajajibiwa. Kisha akavuta kofia usoni. Alikupenda yule mzee, Mama, kwa namna yake ya matusi.

Mjomba alifuta macho kwa pindo la msuli. Hakusema nimekubali. Alisema hawezi kumpa mtu ruhusa juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona. Kwa hiyo nimpeleke akuone.

Tulikwenda Alhamisi. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, ile ya sikukuu, na kwenye ngazi za hospitali alishika ukuta mara kadhaa. Magoti yake si mazuri, na kikohozi kile hakijamwacha. Neema akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, akatuingiza. Chumba kina harufu ileile ya chupa ile. Mjomba aliitambua, akasimama kwanza mlangoni, akavuta pumzi.

Neema akatuonyesha kipande. Nta nyeupe ndani ya kikasha kidogo cha plastiki, na katikati yake doa la kijivu. Hicho tu. Mjomba alikitazama akaniangalia mimi, kama anayeuliza ndicho hiki tulichogombania. Neema akasema hapo hamwezi kuona kitu, njooni kwenye hadubini, vile vioo vya zamani vilivyotumika kutafuta ugonjwa vipo.

Nilitazama mimi kwanza. Nilijiandaa kukutana na adui yako. Nikaona rangi ya waridi na zambarau, na matundu matundu yaliyopangana, kama chujio la tui. Neema akasema hayo matundu ndiyo sura ya ugonjwa wako. Nilitarajia kitu kibaya, Mama. Kilikuwa kimepangika vizuri, na hilo likanitisha zaidi. Nilitafuta kwa macho kona iliyojificha, nikijua kabisa kwamba kwa rangi hiyo haionekani. Nilitafuta hata hivyo.

Kisha akasogeza kioo taratibu mpaka ukingoni, chujio likaisha, vikatokea vishada vidogo vya duara, safi, vimekaa pamoja pamoja.

"Hapa ugonjwa haukuwa umefika," akasema. "Hii ni tezi yake, nzima kabisa. Mate yake yalitoka hapa."

Mama. Hapo ndipo nilipovunjika. Kwa sababu mimi nimekuzoea kavu. Baada ya mionzi hukuwa na mate tena, ulitembea na chupa ya maji kama mtu wa safari, na chakula hukijui ladha. Bado watu walikuita uwapikie harusi zao, na ulikwenda, na mimi ndiye niliyekuwa ulimi wako. Unachota pilau kwenye mwiko unanipa, unanitazama usoni. Chumvi? Nakuambia imetosha. Iliki? Nakuambia ongeza. Siku moja Tandika nilikuambia imetosha na ulikuwa mchuzi wa chumvi mpaka bibi harusi akakunja midomo, ukaniita muongo wa familia, ukacheka mpaka ukashika ubavu wa sufuria ukaungua. Nilisahau kwamba kabla ya hapo ulikuwa unaonja mwenyewe. Nilisahau kabisa. Na ule upande wako uliosahaulika ulikuwa pale chini ya taa, mzima, wa rangi ya waridi.

Nikampisha Mjomba. Alivua kofia, akaiweka mfukoni, akainama. Neema alimrekebishia mpaka akasema sasa naona. Alikaa ameinama muda mrefu, mikono yote miwili ameshika ukingo wa meza. Neema alitaka kuanza kumweleza, nikamshika mkono asiseme.

Kisha nikasikia Mjomba anakutolea salamu. Ile anayoitoa akifika makaburini, kwa Kiarabu, taratibu, mpaka mwisho. Akamalizia kwa Kiswahili: "Mwanahawa, mie Omari."

Fundi wa maabara mmoja aliyekuwa akipanga vioo vyake aliacha.

Mjomba aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu, na safari hii hakukuwa na dawa ya kusingizia. Akamwuliza Neema kama kikibaki chochote kitarudishwa. Neema akamwambia ukweli: vile vioo vitabaki hospitalini, ndiyo utaratibu, lakini nta ikibaki atatuita, na hilo ataliweka kwenye maandishi. Ila huenda isibaki kitu. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake, akainyoosha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mkateni taratibu, mwanangu," akasema.

Nikaweka sahihi.

Hiyo ilikuwa juzi, Mama, na sijatulia. Nilidhani nikishaamua nitalala. Nalala kidogo, naamka, nauliza je, ukimwambia mtu unaogopa kutawanywa, halafu watu wako wenyewe wakakutia mkononi mwa mwenye kisu. Najibu kwamba ulikuwa pia mtu wa maswali. Halafu nauliza tena. Hakuna wa kuniambia chumvi imetosha au haijatosha. Na Mjomba naye usiku anakohoa. Nimempigia leo nikamwambia aende zahanati, akaniambia nisimfanye mgonjwa wa kuchezea. Natamani ungekuwepo umkemee, mimi hanisikii.

Shingo yangu nimemwonyesha Neema kabla hatujaondoka. Nilimwambia ukweli, kwamba nimekuwa nikijipapasa kila asubuhi mpaka ngozi inauma. Aliigusa kwa vidole vyake baridi, pande zote mbili, akasema hahisi kitu, ila kazi yake yeye ni kwenye vioo na si kwenye shingo za watu, kwa hiyo niende kliniki nimwonyeshe daktari wa kazi hiyo. Nimepewa siku. Nitakwenda. Nimejiwekea kwamba mpaka siku hiyo sitajigusa, na nimeshavunja mara moja, leo asubuhi.

Majibu ya Neema yatachukua miezi, labda zaidi. Amesema nisitarajie neno moja. Huenda kahawia ikaonekana kwako, huenda isionekane, huenda ikaonekana na isimaanishe tunachodhani. Kwa hiyo ninachoweza kukuahidi si jibu. Nakuahidi hivi: siku akinipigia, akisema lolote lile, nitakuja Chamazi na Mjomba, na Masanja akitaka kuja na gunia lake na aje, nitakaa pale kwako nikuambie kila neno kama nilivyoambiwa. Wakisema ilijificha mahali fulani, nitakuambia wapi. Wakisema bado hawajui, nitakuambia hawajui. Kwamba wameitoa yote, hilo hutalisikia tena kutoka kwa mtu yeyote wa nyumba hii.

Mpaka hapo pumzika, Mama. Pumzika Chamazi, na pumzika kule kabatini pia, kwa kidogo kilichobaki. Sasa una makaburi mawili, na mimi nitapita kote.

Mwanao anayekupenda,
Saumu